UZI: Mama kaandikiwa "TCA 1/12", tukasubiri Desemba. Tufundishane vifupisho vya madaktari

Kisimba wa Tabora

Wakuu salaam.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo imebidi nifungue uzi. Mama yangu yuko Tabora, ana presha mwaka wa sita sasa. Tarehe 5 Agosti mdogo wangu alimpeleka kliniki, wakatoka na dawa na daftari. Kwenye daftari, mistari miwili tu:

Tab Amlodipine 10mg OD x 1/12
TCA 1/12

Mdogo wangu si mjinga, kamaliza kidato cha sita. Kaona 1/12, kasoma tarehe moja mwezi wa kumi na mbili. Tena imeandikwa mara mbili, kwa hiyo hakuwa na shaka. Akamwambia mama: dawa hizi ni za mpaka Desemba, na Desemba tunarudi.

Ndani ya kibahasha vidonge 30. Mama kauza dagaa sokoni maisha yake yote, hesabu haimpigi chenga. Akaona vidonge 30 haviwezi kufika Desemba vikimezwa kila siku. Hakumuuliza mtu. Akaanza kuvivuta: leo anameza, kesho anapumzika. Baadaye akawa anasubiri kichwa kimuume ndio ameze.

Wiki hii nimekuja likizo, tuko katikati ya Oktoba, nakuta vidonge 9 bado vipo. Tumempima: 190 kwa 110. Binti wa duka la dawa kaangalia daftari, kaniambia, "Kaka, hiyo ni mwezi mmoja."

Sasa naomba wenye fani mtufungulie hizi herufi. Hospitali siitaji na sitaitaja, msinifuate inboksi.

Ngoja Waje

Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa.

Nesi wa Zamu

Pole kwa mama, kaka. Mdogo wako asijilaumu, kosa hilo nimelikuta zaidi ya mara moja.

Ule mkwaju hautenganishi siku na mwezi. Namba ya kwanza ni idadi, ya pili inakwambia unahesabu nini. Ikiwa 7 ni siku, kwa kuwa wiki ina siku 7. Ikiwa 52 ni wiki, mwaka una wiki 52. Ikiwa 12 ni miezi. Basi 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, 3/12 ni miezi mitatu. Kwenye 52 hapotei mtu maana mwezi wa 52 haupo. Wanaopotea ni wa 7 na wa 12, wanaona Julai na Desemba.

TCA ni "arudi tena". OD kwenye dawa ya kumeza ni mara moja kwa siku. BD mara mbili, TDS au TID mara tatu, QID mara nne. Mane ni asubuhi, nocte ni usiku. PO kwa mdomo, IM sindano ya msuli, IV ya mshipa, SC chini ya ngozi kama insulini. AC kabla ya kula, PC baada ya kula. Stat ni sasa hivi, dozi moja, palepale. PRN ni pale inapohitajika: maumivu yakiwepo meza, yasipokuwepo acha.

Na hapo ndipo penye tatizo la mama. Dawa ya OD kaigeuza PRN. Presha haipigi hodi, mtu anaweza kuwa na 190 na anacheka na wajukuu. Asifidie vidonge alivyoruka kwa kumeza viwili viwili. Mpelekeni kliniki kesho, msisubiri tarehe yoyote. Akianza kupinda mdomo, mkono kuishiwa nguvu, kuongea kwa shida au kifua kubana, hapo kliniki iacheni, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mkoba Mweusi

Mnataka nini hasa? Daktari ana foleni ya watu themanini, aandike insha? Vile vifupisho ni mazungumzo ya daktari na mfamasia. Mgonjwa anaelekezwa kwa mdomo dirishani. Tatizo letu hatusikilizi.

Kisimba wa Tabora

Mkuu, dirishani aliambiwa "kimoja kila siku mama", na alisikia. Ila daftari ndilo lililorudi nyumbani. Mwanao msomi akikusomea daftari linasema Desemba, wewe wa darasa la nne utamwamini yeye au utaamini masikio yako?

Mkoba Mweusi

Hapo sawa. Nimekuelewa.

Mzee wa Kahawa

Vijana mnashangaa, hicho ni Kilatini. BD ni bis die, mara mbili kwa siku. TDS ni ter die sumendum, cha kumezwa mara tatu kwa siku. Nocte, mane, stat, vyote Kilatini. Hata ile Rx juu ya cheti inatoka kwenye neno recipe, maana yake "chukua", daktari anamwamuru mtengeneza dawa.

Mimi nilikuwa mtumishi wa altareni enzi padri anasoma misa kwa Kilatini, kutupa mgongo, sisi tunaitikia tusichokielewa. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifunguliwa 1962 ukafungwa 1965, misa ikaja Kiswahili. Roma yenyewe ililegeza. Zahanati ya kijijini kwetu bado.

Sindano Butu

😂😂 Mzee umeua.

Duka Baridi

Nimeuza dawa miaka kumi na moja, zamani yakiitwa maduka ya dawa baridi, sasa duka la dawa muhimu. Niwaambie kitu, hizo TDS mgonjwa wetu haoni sana. Anachoona ni tunachoandika sisi kwenye kibahasha: 1x3, 2x3, 1x2. Hapa ndipo pana vituko.

Kanuni: ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara. 2x3 ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Kuna baba mmoja nilimpa metronidazo 1x3, yeye kasoma "mara moja, vitatu". Kabugia vitatu kwa mpigo. Karudi siku ya pili mdomo unanuka chuma, kichefuchefu, ananiambia dawa yako ina sumu. Tangu hapo 1x3 naandika lakini nachora na vimstari: asubuhi |, mchana |, usiku |. Asiyejua kusoma naye anahesabu vimstari.

Lingine, na hili linaniuma kama Mswahili: "kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu kuche mpaka jua lizame. Ndio maana tunasema kutwa kucha tukitaka na usiku uingie. Ukimwambia mtu wa Pangani "kutwa mara tatu" anameza saa 12 asubuhi, saa 7, na magharibi, kisha zinapita saa kumi na mbili nzima bila dozi. Antibayotiki ya mara tatu inataka kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Aliyetafsiri TDS kuwa kutwa mara tatu alikuwa na nia njema, ila katuachia usiku mtupu.

Mama Pacha

@Duka Baridi umenigusa. Watoto wangu walipewa dawa mseto, imeandikwa ALu, na mshale "8hrs". Nikadhani ni kila saa nane mpaka ziishe. Ziliisha mapema, nikaenda kuomba nyingine, nikafokewa.

Duka Baridi

Dada, ALu nayo ni kifupisho, A ya atemeta na Lu ya lumefantrini. Dozi ni sita ndani ya siku tatu, mtu mzima vidonge vinne kila dozi, jumla 24, watoto kwa uzito wao. Saa nane ni za kutoka dozi ya kwanza kwenda ya pili TU. Ya tatu inaangukia saa 24 tangu ya kwanza, kisha kila saa 12.

Mfano umeanza saa 2 usiku. Ya pili ni saa 10 alfajiri, weka kengele. Ya tatu saa 2 usiku, ya nne saa 2 asubuhi, ya tano saa 2 usiku, ya sita saa 2 asubuhi. Ile ya saa 10 alfajiri ndiyo watu wanailalia. Na imezwe na chakula chenye mafuta, hata maziwa au karanga, bila mafuta hainyonywi vizuri.

Darubini

Niingie upande wa maabara maana naona mnazungumzia dawa tu.

FBP ni picha nzima ya damu. Humo ndani Hb ni wingi wa damu kama mnavyouita, WBC chembe nyeupe, PLT chembe sahani za kugandisha. Kwa mjamzito Hb chini ya 11 ni upungufu wa damu, chini ya 7 ni upungufu mkali, hapo usiambiwe ukanywe juisi ya rozela ukalale.

mRDT ni kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijiti. BS ni damu kwenye kioo, tunaangalia kwa darubini. Kwenye BS tunahesabu, kwa hiyo unaweza kukuta "MPS 6/200 WBC". Maana yake tumehesabu chembe nyeupe 200 na njiani tumekutana na vimelea 6. Mtaani inageuka "nina wadudu sita". Hapana ndugu yangu, huna wadudu sita. Tone moja la damu yako lina maelfu ya chembe nyeupe, piga hesabu mwenyewe. Na kile kijiti hakihesabu kabisa, kinasema ndiyo au hapana. Akikwambia mtu kapima kijiti kakutwa na wadudu kumi, kakudanganya. Tena kijiti kinaweza kubaki ndiyo wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinanusa mabaki ya protini ya kimelea. Wengi wanaojiita wana malaria sugu ni kijiti hicho walichorudia mapema.

Mkojo: "pus cells 2-4/hpf". Watu wakiona neno pus wanajua wana usaha. Hpf ni eneo moja unaloliona darubini ikiwa kwenye ukuzaji mkubwa. Mbili mpaka nne kwa eneo ni kawaida. Kuna watu wanakunywa dozi ya UTI kila mwezi kwa sababu ya hiyo 2-4.

Na ya mwisho, NR. Ni kwamba kipimo hakikuitika. Kwa HBsAg, ambacho ni homa ya ini B, au VDRL, kaswende, NR ni habari njema. Kuna kijana aliona NR akalia pale benchi dakika ishirini, anadhani ni "nimerekodiwa".

Sindano Butu

Nimerekodiwa 😂😂😂 nimekufa

Kisauni Moja

Salamu kutoka Mombasa. TCA huku kwetu pia iko, na hiyo mikwaju. Lakini mtu akivuka Lungalunga ajue majina yabadilika. Picha ya damu nyinyi mwaita FBP, sisi twaita FHG. Kliniki ya mama na mtoto nyinyi mwaita RCH, sisi MCH.

Na hiyo MCH ishanitia aibu. Dadangu alipima damu, karatasi ikaja na mstari "MCH 24", kando kuna L. Nikamwambia umekosa kuhudhuria kliniki, L ni "late". Kumbe MCH kwenye karatasi ya damu ni kiasi cha himoglobini ndani ya kila chembe nyekundu, na L ni kwamba iko chini. Alikuwa amepungukiwa madini ya chuma, wala hakuwa na mimba.

Furaha wa Bukavu

Ninyi mna bahati, herufi zenu ni za Kiingereza na Kilatini. Sisi huku Bukavu munganga amesomea Kifaransa, na mgonjwa akivuka kwenda Kampala kutibiwa hakuna anayesoma karatasi yake. Presha kwetu inaandikwa TA. Kijiti cha malaria ni TDR, damu ya kwenye kioo ni GE, ile FBP yenu ni NFS. Kliniki ya wajawazito ni CPN, na tarehe ya hedhi ya mwisho ni DDR.

Mwaka jana mama mkubwa alipelekwa Kampala, karatasi imeandikwa "VIH nég". Kule VIH hawaijui, wanajua HIV. Wakampima tena. Sawa, kupima tena hakuui, lakini alilipa.

Kijacho wa Kwanza

Naomba na mimi nisaidiwe. Kadi yangu ya kliniki imeandikwa LMP 10/3, EDD 17/12, G2P0+1. Hizo za mwanzo baada ya uzi huu nimeogopa, ni tarehe au ni miezi?

Nesi wa Zamu

Hahaha dada, hizo ni tarehe kwelikweli. LMP ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, EDD ni tarehe ya makadirio ya kujifungua. Ongeza siku 7, ongeza miezi 9: 10 Machi inakuwa 17 Desemba. Ni makadirio, wiki moja mbili mbele au nyuma usianze kupigia watu simu.

G ni mimba zote ukihesabu na hii, P ni ulizojifungua zikiwa zimekua, na ile +1 ni iliyotoka. Kwa hiyo wamesoma: mimba ya pili, hajazaa bado, moja ilitoka. Pole kwa hiyo.

Ukiona SP ni ile dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, FeFo ni ya kuongeza damu, FHR ni mapigo ya moyo wa mtoto, kawaida kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ceph ni mtoto ametanguliza kichwa.

Kijacho wa Kwanza

Asante sana dada nesi. Ile +1 nilijua ni maksi za ziada.

Bodaboda Mstaafu

Nesi naomba nikuulize. Juzi nimekwenda kumtazama shemeji wodini, faili liko miguuni pa kitanda, nikaona wameandika [mwandishi amefuta]. Ndio ugonjwa gani?

Nesi wa Zamu

Faili ni lako?

Bodaboda Mstaafu

La shemeji nimesema.

Nesi wa Zamu

Basi kamuulize shemeji. Na nakuomba urudi ukafute hizo herufi hapo juu, kuna watu wanajua ulikwenda wodi gani na shemeji yako nani.

Watu wamelalamika humu kwamba tunaandika kwa mafumbo, na kwa dozi wana haki, nawaunga mkono. Lakini kuna vifupisho vinaandikwa hivyo makusudi, ili jirani wa kitandani, shemeji, na mleta chai wasivisome. Hivyo sitavifungua hapa hata mkinipa kreti ya soda. Mwenyewe akiuliza ugonjwa wake tunamweleza, neno kwa neno, mlango umefungwa.

Bodaboda Mstaafu

Nimefuta. Samahani.

Theluji ya Minnesota

Nimechelewa, huku ni usiku. OD ya mama yake Kisimba ingefika hapa Marekani ingeleta kesi nyingine. Baba alikuja kututembelea na dawa zake za Arusha, daftari limeandikwa OD. Binti wa mapokezi akauliza, "Hii ni ya jicho la kulia?" Huku OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, OU yote mawili, Kilatini hichohicho cha mzee wetu wa kahawa. Na ukimwambia mtu wa gari la wagonjwa OD, anaelewa mtu kazidisha dawa.

Wao mara moja kwa siku walikuwa wanaandika QD. Nayo ikawa balaa, mkia wa Q ukipanda juu kidogo inasomeka QID, mgonjwa anapewa mara nne. Mwaka 2004 Joint Commission, ile taasisi inayokagua hospitali huku, ikaweka orodha ya vifupisho vya kutoandikwa, QD ikiwemo. Humo pia kuna herufi U ya yuniti za insulini, kwa sababu 4U kwa mwandiko wa haraka inakuwa 40. Na sifuri: usiandike 1.0 maana nukta ikififia ni 10, na usiandike .5 maana nukta ikififia ni 5. Andika 1, andika 0.5.

Darubini

Hiyo ya sifuri ibandikwe ukutani.

Mkoba Mweusi

Nimerudi. Swali kwa Nesi bila ugomvi: kwa foleni hizihizi, mnaweza kuandika kwa Kiswahili?

Nesi wa Zamu

Yote hapana, na sidanganyi. Maelezo ya ugonjwa, vipimo, hayo ni ya kwetu, acha tuandike kwa namna yetu, mwenzangu wa zamu ya asubuhi ananielewa kwa sekunde tano. Ninachoweza ni mstari mmoja wa mwisho: kimoja kila siku, rudi tarehe fulani. Maneno sita. Nimeanza kuuandika tangu uzi huu ufunguliwe, jana nimeandika kama arobaini. Mkono unauma kidogo.

Ngoja Waje

Wamekuja kweli. Nimenakili kwenye daftari la nyumbani.

Kisimba wa Tabora

Mrejesho wakuu.

Mama tulimpeleka siku ile ya pili yake. Tumempata daktari mwingine, kijana. Alipoambiwa habari ya Desemba alinyamaza, akachukua daftari, akarudi ukurasa wa Agosti, akausoma mara mbili. Kisha akamuuliza mama mwenyewe, "Mama ulikuwa unameza vipi?" Mama akaeleza alivyokuwa anavivuta, bila aibu, kama anaeleza alivyolivusha debe la dagaa mwezi wa njaa. Amerudishwa kwenye dozi ya kila siku, wamepima mkojo na damu kuona kama figo zimeguswa, majibu yametoka salama. Leo ni siku ya tisa, presha 152 kwa 94, inashuka.

Mdogo wangu kamnunulia kalenda ya ukutani. Mama kila akimeza anachora mstari, mtindo wa Duka Baridi.

Na daftari jipya limeandikwa hivi, nawanukulia:

Tab Amlodipine 10mg OD x 1/12
TCA 1/12

Nikamwangalia daktari. Akacheka peke yake, akachukua kalamu, akaongeza chini kwa herufi kubwa: KIMOJA KILA SIKU ASUBUHI. ARUDI JUMATATU TAREHE 17 NOVEMBA.

Sindano Butu

Mkono umezoea, mkuu. Msamehe.